Uangalifu si Woga

Ndugu wapenzi, ninyi mnaotusikiliza vijijini, na ninyi mnaosoma kijitabu hiki pamoja na katekista wenu, leo twataka kueleza neno moja dogo. Wakristu wetu wa Aru na Mahagi wavukao mpaka kwenda masoko ya Uganda, na wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, hulisikia mara nyingi katika lugha ya Kiingereza. Neno hilo ni careful. Huambiwa kwamba maana yake ni kuwa mwangalifu. Ni kweli, lakini zamani maana yake ilikuwa nyingine, na tofauti hiyo yatufundisha jambo la kutufaa rohoni.

Hapo kale, mzizi wa neno hilo ulitaja huzuni na masumbuko ya moyo. Mtu careful alikuwa mtu mwenye majonzi, baadaye mtu mwenye wasiwasi. Katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, pale Mtume Paulo anapowakataza Wafilipi wasihangaike (Fil. 4,6), wafasiri walitumia neno hilo hilo. Hivyo Waingereza wa siku zile walisoma kwamba Mkristu asiwe careful. Leo mama Mwingereza humwambia mtoto wake kila siku awe careful, yaani atazame anapokanyaga na asifanye kwa pupa. Je, mama huyo ampinga Mtume? Hasha! Zamani neno lilitaja moyo unaotetemeka. Sasa lataja macho yaliyo wazi.

Tuangalie na lugha yetu. Twasema: “Angalia, nyoka!” Twasema pia: “Angalia mtoto, mimi naenda shambani.” Kauli ya kwanza yaonya juu ya hatari, ya pili yaagiza utunzaji. Mtu mwangalifu hufanya yote mawili: hujiepusha na ubaya, naye huwatunza wenzake. Kuna na neno busara. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni kuona. Nalo neno la Kilatini ambalo Kanisa hutumia, prudentia, latokana na kuona mbele. Basi watu wa lugha mbalimbali walikubaliana: fadhila hii ni ya macho. Mwoga hufumba macho, na mzembe naye hufumba macho. Mwenye busara hutazama.

Bwana wetu Yezu Kristu alitufundisha vivyo hivyo. Katika Evanjili ya Mateo, sura ya 6, atukataza kuisumbukia kesho. Katika Evanjili ya Luka, sura ya 14, asema kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Maneno hayo hayapingani. Wakumbukeni wanawali kumi (Mat. 25). Watano wenye busara walichukua mafuta ya akiba. Lakini Bwana arusi alipokawia, wote kumi walilala usingizi. Hata wenye busara walilala! Wasiwasi humnyima mtu usingizi. Busara humpa usingizi, kwa maana mafuta yamo chomboni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuamua, na kujiagiza kutenda. La tatu ndilo kuu. Ajuaye lililo jema asilitende, hajawa bado na busara.

Tuchukue mfano uliotugusa sisi wenyewe. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, nao haukukawia kuingia Ituri, upande wa Mandima na Mambasa. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikuwa wamefariki. Kuosha maiti na kuigusa ni desturi ya wengi kwetu, na Kanisa lafundisha kwamba kuzika wafu ni tendo la huruma, kama alivyofanya Tobiti. Lakini maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana. Basi mwana afanye nini mbele ya maiti ya mama yake?

Mzembe husema, “Mungu atanilinda,” akaiosha maiti kwa siri. Huko ni kumjaribu Mungu. Mwoga hukimbia, akawaacha wafiwa bila maji wala chakula, akamshuku kila mwenye homa. Mwenye busara humwuliza muuguzi: hilo ndilo shauri. Kisha huamua kwamba mapendo hayamo katika mikono peke yake. Mwisho hutenda: huwaita wazikaji waliofundishwa kazi hiyo, husimama mbali kidogo, huimba na kumwombea marehemu, hukubali kuangaliwa siku 21, na hukubali chanjo, kama walivyoikubali watu zaidi ya 300,000 katika ugonjwa ule. Moyo wake walia kwa kutomgusa mama yake. Twajua uchungu huo, wala hatuudharau. Lakini watoto wake hawatakuwa yatima, na mama amezikwa kwa heshima na sala.

Busara huangalia pia ulimi. Siku zile uvumi ulisema kwamba ugonjwa haupo, ni biashara ya watu tu. Walioamini waliwaficha wagonjwa wao, na nyumba nzima zikaambukizwa. Katika Ituri yetu, ambayo imemwaga machozi mengi kwa ajili ya vita vya ndugu kwa ndugu, uvumi juu ya kabila jirani wachoma kuliko moto wa nyasi kavu. Kabla ya kulipeleka neno, tuulize: Limetoka kwa nani? Nani ameliona kwa macho yake?

Lakini tusidanganyike. Mjanja naye hutazama mbele, lakini hutafuta faida yake peke yake. Huo ni ujanja, si fadhila. Bwana alitutaka tuwe na werevu wa nyoka pamoja na unyofu wa njiwa. Atengaye kimoja na kingine amepoteza vyote viwili.

MASWALI

1. Wasiwasi na uangalifu hutofautianaje?
Wasiwasi huusumbua moyo bila kutenda neno. Uangalifu huona hatari na kufanya linalopasa.

2. Matendo ya busara ni mangapi?
Ni matatu: kutafuta shauri, kuamua, na kujiagiza kutenda.

3. Je, anayejihadhari na ugonjwa amekosa imani?
Hapana. Mungu ametupa akili na macho ili tuyatumie kuulinda uhai wetu na wa jirani.

AZIMIO: Juma hili, kabla ya kupeleka habari yoyote mbaya juu ya jirani, nitauliza kwanza kama ni kweli.

Kutoka Bunia twawaaga kwa mapendo. Tumsifu Yezu Kristu! Milele na milele. Amina.