Kengele ya hewa mbaya na mtego wa mlima

Jasi ya Makanya, wilayani Same, huchimbwa kwenye mashimo ya wazi, penye upepo. Chini ya ardhi ni mambo mengine. Mwezi Juni 2002 kule Mererani, kaskazini-magharibi ya milima ya Upare, wachimbaji zaidi ya 30 wa tanzanaiti walikufa kwa kukosa hewa safi baada ya pampu ya hewa kushindwa kazi. Gesi haibishi hodi. Kaboni monoksaidi, ile ile inayowaua wanaolala na jiko la mkaa chumbani, haina rangi wala harufu.

Zamani Waingereza walishuka migodini na ndege wadogo. Ndege akianguka, watu mbio. Siku hizi kuna kifaa kidogo cha kufunga kiunoni, nacho hulia hewa ikiharibika. Lakini hakijui lini kilie mpaka mtu akipangie viwango. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9; kengele yake kwa kawaida hupangwa ilie ikishuka hadi 19.5. Methani huweza kulipuka ikifika asilimia 5 ya hewa, lakini kengele ya kwanza mara nyingi huwekwa kwenye nusu asilimia tu. Tofauti hiyo ndiyo muda wa watu kupanda ngazi.

Sasa tuchukue fundi aliyerekebisha kifaa chake mjini Same, kisha akapanda nacho hadi kilele cha Shengena, mita 2,462. Huko mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya sita. Baadhi ya vifaa hupima mgandamizo wa oksijeni, wala si asilimia yake. Kifaa cha aina hiyo kitaonyesha chini ya 18 na kupiga kelele, ingawa asilimia haikubadilika. Fundi aliyechoshwa na kelele atashusha kiwango hadi 17, kimya kirudi, aendelee na kazi. Kesho yake kifaa kinateremka bondeni na kuingizwa shimoni na 17 yake. Oksijeni ya shimoni ikishuka hadi 18 hakitalia, maana kimekatazwa.

Dawa yake ni ya dakika chache: kukirekebisha upya kwenye hewa safi, pale pale kazi inapofanyika, na kiwango kukiacha mahali pake. Na msimamizi anayechoshwa na kengele ya kila siku aulize kwanza kama pampu inavuta, na moshi wa jenereta unaelekea wapi, kabla hajagusa kitufe.