Waya ya vitesi: ganda likatwe wapi?

Ndugu, velo ya vitesi ikigoma kurudisha mnyororo kwenye meno madogo huku milimani Mweso, usikimbilie kununua mashini mpya ya nyuma. Angalia kwanza ganda, ule mpira mweusi unaofunika waya. Likiwa fupi linajikunja. Likiwa refu mno waya unasuguana ndani, springi inashindwa kuuvuta.

Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia: ganda lisikazike. Nyuma liingie kwenye mashini likiwa limenyooka. Kata refu kidogo kwanza. Kupunguza ni rahisi.

Ganda la freni nalo usiliweke kwenye vitesi, linabonyea. Kinyume chake ndiyo hatari kabisa: ganda la vitesi kwenye freni linaweza kupasuka ukikamata kwa nguvu mteremkoni, na gunia liko nyuma.