Usiku wa Kumvizia Chura Amani

Sauti ndiyo hutangulia. Ting! Kama kijiko kilichogonga glasi, kisha kimya. Ilikuwa saa mbili usiku katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki. Mvua ilikuwa imekatika punde tu, nami nilikuwa nikipangusa ukungu kwenye lenzi kwa mara ya kumi.

"Zima tochi kwanza, mwanangu," mzee aliyekuwa akinitembeza akasema. "Msikilize."

Alipoiwasha yake, mwanga ulitua moja kwa moja kwenye jani lililofika usawa wa goti. Juu yake palikuwa na chura wa kahawia, hata kidole gumba changu kilimzidi. Ni wa jamii ya Nectophrynoides, ambayo duniani kote ipo Tanzania tu. Hawa hawana habari na madimbwi wala viluwiluwi. Jike huzaa, na anachokizaa ni chura kamili, mdogo kama punje.

Lile jani lilikuwa limetobolewatobolewa na wadudu. Nikanyoosha mkono nimhamishie kwenye jani zuri la jirani. Mzee akaudaka mkono wangu. Nilikuwa nimejipaka dawa ya mbu, na chura hunywa na kupumua kwa ngozi. Ukimshika, umemnywesha ulichojipaka. Niliona haya. Baadhi ya picha za vyura tunazozisifia hupigwa hivyohivyo: kachukuliwa alipokuwa, kapachikwa juu ya ua. Kwangu mimi hizo ni picha za studio.

Basi nikapiga magoti kwenye tope. Flashi niliifunika kwa karatasi nyeupe, maana ngozi mbichi ikipigwa mwanga mkali hung'aa kama bati. Dakika arobaini, picha tatu za kufaa. Katika iliyo bora koo lake limevimba, na matundu yote ya jani yanaonekana.

Jioni ile, kabla hatujaingia msituni, tulisugua soli za viatu kwa brashi na dawa. Nilidhani ni mbwembwe za watembeza wageni, mpaka nilipokumbuka Kihansi. Chura wa huko, aliyegunduliwa mwaka 1996 kando ya maporomoko ya Udzungwa, aliishi kwa manyunyu ya maji yale tu. Mwaka 2000 bwawa la umeme likayapunguza maji. Baadaye ukaonekana ugonjwa wa kuvu ya ngozi, ambao huweza kusafiri hata kwenye tope la kiatu. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Bahati yake ni kwamba wenzake kadhaa walikwishapelekwa Marekani, na uzao wao ulianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Yuko mwingine, wa milima ya Ukaguru, ambaye mwaka 2002 wanasayansi walimpa jina la Kiswahili kitupu: Churamiti maridadi. Huyo bado sijamwona. Ukinitangulia kumpiga picha, usimguse, na uniambie ulimkuta kwenye jani la namna gani.