Matabaka na Uunganishaji wa Picha katika Programu ya GIMP

Programu ya GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, humwezesha mtumiaji kujenga picha moja kwa kupanga matabaka kadhaa. Katika kidirisha cha matabaka, tabaka lililoorodheshwa juu ndilo lililo mbele ya mengine. Mtumiaji huliburuta kwa kipanya ili kubadili nafasi yake, au hulificha kwa kubofya alama ya jicho.

Msingi wa kazi hiyo ni hesabu. Mbali na thamani za rangi nyekundu, kijani na bluu, kila pikseli huweza kubeba thamani ya nne, yaani alfa, inayoonesha kiwango chake cha kuziba kilicho chini yake. Kanuni za kuunganisha picha kwa alfa zilifafanuliwa na Thomas Porter na Tom Duff mwaka 1984. Kwa mfano, pikseli yenye thamani 200 na alfa ya 0.25 ikiwekwa juu ya pikseli yenye thamani 100 na alfa ya 1, jibu ni 0.25 × 200 + 0.75 × 100, yaani 125. Pikseli hizo zikibadilishana nafasi, jibu huwa 100, kwa kuwa ile yenye alfa ya 1 huifunika nyingine kabisa. Hivyo basi, mpangilio wa matabaka ni sehemu ya maana ya picha.

Jambo hili lina uzito katika utafiti. Chukulia picha ya ukurasa wa hati kongwe wenye madoa. Mtafiti akifuta madoa juu ya picha ya asili na kuihifadhi, ushahidi hupotea. Akiyaweka marekebisho katika tabaka la pekee lenye barakoa, ambamo nyeupe hudhihirisha na nyeusi huficha, herufi iliyosomeka na herufi iliyokisiwa hubaki zimetenganishwa.

Utengano huo hutoweka picha inapotolewa katika umbo la JPEG, lisilohifadhi matabaka wala alfa. Umbo la XCF, lililo la GIMP yenyewe, huyahifadhi yote. Kwa hiyo, tasnifu inayotegemea picha iliyorekebishwa yafaa iambatane na faili lake la XCF. Pasipo faili hilo, mtahini hana njia ya kubainisha kilichoandikwa na mwandishi wa hati na kilichoongezwa na mtafiti.