Sura ya Nne: Samaki, Mia na Bilioni

Vijana wengi wanaoanza Kiingereza hapa Uvira huja na imani mbili. Ya kwanza ni kwamba wingi katika Kiingereza ni kubandika herufi s mwishoni mwa neno, basi. Ya pili ndiyo inayoniudhi: kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, kilisubiri wageni waje kutufundisha kuhesabu.

Nianze na hii ya pili. Vuka mpaka wa Kavimvira, umsikilize Mrundi akihesabu: sita kwake ni gatandatu, tisa ni icenda. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na tandatu na kenda, na kenda bado haijafa. Maneno yalikuwepo, biashara ya pwani ndiyo iliyoleta mengine yakakaa juu yake. Waingereza wamefanya hivyohivyo bila mtu kuwacheka. Million na dozen walizitoa kwa Wafaransa. Hata second, neno la kumtaja anayemfuata wa kwanza, ni la Kifaransa. Kabla yake walitumia other. Na zero ilitoka katika sifr ya Waarabu ikapitia Italia, kwa hiyo ni ndugu wa sifuri yetu. Kama kuazima ni ujinga, basi tuwaite wajinga na wao.

Kosa jingine linapendwa na waliosoma kidogo zaidi. Wanaona eleven na twelve hazifanani na thirteen, wanatangaza kwamba Waingereza wa kale walihesabu kwa kumi na mbili-kumi na mbili. Sivyo. Ukiyafukua maneno hayo, la kwanza linasema "moja imebaki" na la pili "mbili zimebaki": umeshahesabu kumi, hiki ndicho kilichosalia. Ni kumi na moja na kumi na mbili zetu, ila mshono wake umefutika kwa kusemwa miaka mingi.

Sasa turudi kwenye ile s. Nilikusudia kueleza much na many kwa mistari michache, lakini samaki atatufundisha vizuri zaidi, tena tunaye hapa hapa ufukweni.

Mitumbwi ikirudi alfajiri kutoka kuvua kwa taa, sikiliza wanunuzi. Kwa mukeke, mama anauliza: "Ngapi?" Kwa ndagala haulizi hivyo, anauliza beseni ni bei gani, au fungu ni bei gani. Ndagala mmoja ana kichwa na mkia kama mukeke, anaweza kuhesabika, ila hakuna mwenye muda huo. Kiingereza kinafanya uamuzi uleule, kikauweka ndani ya sarufi: many kwa vinavyohesabiwa kimoja kimoja, much kwa vinavyopimwa. Sisi tunasema -ingi kwa vyote, samaki wengi, unga mwingi, halafu swali la sokoni linamaliza kazi. Anayedai kwamba asiye na much na many hatofautishi kuhesabu na kupima hajawahi kumwona mama wa Kivu akijaza maharage kwenye kopo la Guigoz, akasawazisha juu kwa kiganja.

Lakini neno lenyewe, fish? Mwanafunzi akiandika fishes, mwalimu anachukua kalamu nyekundu. Mara nyingi mwalimu ana haki: samaki wawili ni two fish. Sababu anayoitoa, kwamba samaki hawahesabiki, ndiyo mbovu, maana two imesimama pale pale mbele yake. Ni desturi tu, kama ya sheep na deer. Na kuna siku mwanafunzi ndiye mwenye haki. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sikilidi peke yake, karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Mtafiti wa kituo cha utafiti wa hidrobiolojia hapa Uvira akiandika juu ya aina hizo kwa Kiingereza, ataandika fishes bila wasiwasi, kwa sababu anahesabu aina, si vichwa. Beseni moja la ndagala ni fish. Humo humo zikiwemo aina mbili za ndagala, Stolothrissa na Limnothrissa, ni fishes mbili.

Na kwa kuwa tuko kwa wavuvi, wale wa heringi Uingereza walikuwa na hundred yao: samaki 120, na bandari nyingine zilizidisha. Hayo hayakuwa matabishi. Kwa Wanorse na jamaa zao, mia ya kale ilikuwa makumi kumi na mawili. Kwa hiyo wanaoitafuta kumi na mbili ndani ya eleven wanachimba mahali pasipo. Ipo ndani ya hundred. Matabishi ya kweli ni dazani ya mwokaji mikate, yenye mikate 13.

Score, yaani ishirini, asili yake ni chale inayokatwa kwenye kijiti cha kuhesabia. Hapo mtu hunitajia mfupa wa Ishango, uliofukuliwa kando ya Ziwa Edward na Jean de Heinzelin mwaka 1950. Una chale za miaka 20,000 hivi, na ni fahari yetu halali. Lakini kusema aliyezikata alijua namba tasa, eti kwa kuwa safu moja ina 11, 13, 17 na 19, ni kumbebesha marehemu mzigo wetu. Chale zinaonyesha chale.

Tatizo linalokula pesa za watu ni jingine. Shule zetu zimefuata Kifaransa: milioni elfu moja ni miliari, na bilioni ni milioni mara milioni. Wamarekani huita milioni elfu moja billion, na serikali ya Uingereza ikawafuata mwaka 1974; Tanzania pia inasema bilioni. Kwa hiyo bilioni ya gazeti la Kigoma ni miliari ya Uvira, na ukiitafsiri kwa kufuata sauti umeizidisha mara elfu. Mkato nao: kwenye karatasi ya Kiingereza, dola 1,500 ni elfu moja na mia tano, kwa macho yaliyosomea hapa ni dola moja na nusu. Kabla ya kusaini, andika kiasi kwa maneno chini ya tarakimu, na miliari uiandike na sifuri zake zote tisa.