Bata Mzinga Halali Kama Bata

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie usingizi wa ndege. Huyu tunayemwita bata mzinga hana ubata hata kidogo. Ukoo wake ni wa kuku na kanga, na asili yake ni Amerika ya Kaskazini; wenyeji wa Meksiko walianza kumfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini kwa kuwa tumempa jina la bata, wengi wetu mijini tunamlaza kama bata: chini, penye unyevunyevu, ndani ya kibanda asichoweza hata kunyoosha shingo.

Bata mzinga wa mwituni halali chini. Jua likikaribia kuzama huruka juu ya mti mkubwa, akakaa tawini mpaka alfajiri, kwa sababu usiku haoni vizuri na adui zake wengi hupita ardhini. Vifaranga hulala chini ya mbawa za mama yao kwa kama majuma mawili, kisha nao hupanda. Kufugwa hakukumwondolea hofu hiyo. Ndiyo maana jioni utamwona akizunguka uani, shingo juu, akiupima ukuta, mwembe, hata paa la gari la jirani. Huo si ukorofi. Anatafuta pa kulala.

Je, tumwache apande apendapo? La hasha! Yule wa mwituni ni mwepesi. Huyu wetu, hasa wa mbegu ya nyama mwenye kifua kipana, dume lake huweza kupita kilo 15. Kupanda atajikongoja, lakini asubuhi akijirusha chini uzito wote huangukia miguu. Na bata mzinga asiyeweza kusimama hafiki kwenye chakula wala maji. Mwisho wake ni kisu, hata kama watoto wa nyumba wamekwisha kumpa jina.

Dawa ni kumpa kimo anachokitamani kwa kiasi anachokimudu. Weka mbao ya kulalia sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni. Iwe bapa, pana kama sentimita 8 hadi 10, na kingo zake zipigwe randa, maana fito nyembamba humchubua kifua. Kila ndege apate nafasi ya sentimita 60. Ukiweka mbao zaidi ya moja, zote ziwe kimo kimoja, la sivyo watagombania ya juu usiku kucha. Mzito mtengenezee na ubao wa mteremko wenye vipingili, apande na kushuka kwa miguu.

Sakafuni tandika maranda makavu na uyabadilishe yakilowa. Unyevu na kinyesi huleta vidonda vya nyayo, na mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa joto letu, sehemu kubwa ya kuta iwe wavu ili hewa ipite, lakini matundu yawe madogo, nguchiro na kicheche wasipenye.

Jambo la mwisho: usimlaze na kuku. Mayai ya minyoo ya kuku hubeba kijidudu cha ugonjwa uitwao kichwa cheusi, unaoshambulia ini na utumbo. Kuku huweza kuubeba akaonekana mzima kabisa, huku bata mzinga wako akinywea, akitoa kinyesi cha manjano, na baada ya siku chache akafa. Banda lake liwe lake peke yake, na mahali walipofugiwa kuku pasiwe uwanja wake.

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta, usiku wetu una saa 12. Maana yake ni kwamba nusu ya maisha ya ndege huyu hupita juu ya ile mbao. Kabla ya kuuliza bei ya chakula chake, basi, mwite seremala.

Hadi juma lijalo, kwaherini.