Saa Moja Angani, Kutwa Nzima Njiani

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia mtu akisema kwamba siku hizi Songea ni mwendo wa saa moja tu kwa ndege. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Kwa jamaa wanaomngoja mtoto wao afike ndipo wamzike mzazi, ukweli uliobaki ni jambo zito.

Na tupige hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni kiasi cha kilomita 580 kwa mstari ulionyooka, ukikatiza juu ya Bonde la Rufiji. Basi halina njia hiyo. Kwa kawaida huzunguka Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, mwendo unaozidi kilomita 900.

Ndege ya aina ya Dash 8 Q400, inayotumiwa na Shirika la Ndege la Tanzania katika safari za ndani, huweza kwenda kilomita 600 hivi kwa saa. Ukigawanya, utapata pungufu kidogo ya saa moja. Lakini kasi hiyo ni ya huko juu. Ndege huanza kwa kupanda, na hupunguza mwendo kabla ya kutua. Hivyo safari huchukua saa moja na robo, hata na nusu.

Sasa mchukue mfanyakazi wa Dar es Salaam ambaye kwao ni Mbaha, pwani ya Ziwa Nyasa. Kutoka Songea hadi kwao, kwa mstari ulionyooka, hakufiki robo ya umbali aliokwisha kuruka. Hata hivyo, ama atapitia Kitai na Lituhi, ama Mbinga na Mbamba Bay, akivuka milima na kuteremka hadi ziwani, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari.

Tuseme ametoka nyumbani saa 11 alfajiri, ndege ikaruka saa 2 na kutua saa 3 na nusu. Akipata gari saa 5, na njia ikamchukua saa tano, atabisha hodi saa 10 jioni. Ametumia saa kumi na moja, na angani alikuwa saa moja na nusu tu!

Je, nauli imepotea bure? La. Mwenzake wa basi hufika Songea usiku, akalala, akaondoka kesho yake. Ndege imeokoa siku moja.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kuwaambia wazee wa nyumbani wakungoje, hakikisha kwanza siku na saa ya ndege, kisha uulizie gari la kuteremkia ziwani. Uwatajie saa ya kufika mlangoni, si saa ya kutua. Msiba hupangwa kwa saa hiyo.